Hesabu ya Vitumbua

Shangazi Esha wa Mikindani alinifundisha kwa mkono, si kwa mdomo:
mchele uloweke jana, usage alfajiri,
tui liwe la kwanza, iliki uiponde kwa jiwe,
kisha iache ndoo jikoni, nenda kaswali;
ukirudi utakuta unga umepanda hadi ukingoni
kama mtoto aliyeitwa.

Hakuniambia habari za baridi ya Newala.
Huku juu, mwezi wa saba, ukungu hupanda kutoka Shimo la Mungu,
huingia dirishani bila hodi,
na hamira inalala.
Siku ya kwanza nilikaanga vijiwe.
Siku ya pili nilikaanga vijiwe vitamu.
Siku ya tatu nikalitoa blanketi kitandani, nikaiviringisha ndoo,
mimi nikajifunika kanga mbili na uvumilivu.
Kulipokucha unga ulikuwa umevimba, una mapovu, unapumua.
Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nikaweka meza stendi, ubavuni mwa fundi baiskeli,
kimoja shilingi mia, chai ya rangi mia mbili.
Mwalimu Nandonde alikula sita,
akafuta vidole kwa gazeti, akasema:
"Andika, mama. Korosho zikilipwa."
Andika, wakasema wapasua mbao.
Andika, akasema hata karani wa chama cha msingi,
yeye anayejua korosho zitalipwa lini.
Sikuwa na daftari. Niliandika kwa mkaa ukutani,
mpaka ukuta ukawa na madeni mengi kuliko chokaa.

Jioni nikitikisa kopo, sarafu zinalia vizuri.
Nikajiambia: Somoe, biashara ndiyo hii.
Lakini kila Jumamosi, nikiwa mbele ya muuza mchele,
kopo lile lile linanikana.

Ndipo Asumini wangu, wa darasa la sita,
alipofungua daftari la hisabati kwa nyuma,
akapiga mstari kwa rula iliyomeguka.
"Mama, taja ulivyotoa."
Mchele kilo mbili.
Nazi tatu za Mtwara, pamoja na nauli yake.
Sukari. Mafuta. Hamira. Mkaa makopo mawili.
"Na ulivyokula mwenyewe?"
Vinne.
"Vinne, mama?"
Saba. Andika saba.
"Maji?"
Nikacheka. Maji nani ananunua, maji si yanachotwa tu na...
Nikanyamaza.
Penseli ilikuwa imesimama.
Akaandika bila kuniangalia, kwa mwandiko wake wa kulalia upande:
Maji, ndoo mbili. Mimi. Saa kumi na moja mpaka saa moja na nusu.
Upande wa bei hakuweka kitu.
"Sijui inaandikwa shilingi ngapi," akasema,
akaenda kulala.

Usiku ule hamira ilipanda. Mimi nilikuwa macho, naisikia.

Sasa namlipa Chilumba wa baiskeli, dumu mia tano,
naye huleta akilalamika kilima kana kwamba nilikijenga mimi.
Kitumbua ni mia na hamsini. Walionuna walinuna;
wawili wamehamia kwa mwenye mihogo, mmoja amerudi.
Ukuta nimeupaka chokaa. Madeni yamehamia daftarini,
jina kamili, na tarehe.
Mwalimu amelipa nusu. Karani hapiti tena njia hii.
Faida ipo. Ukiifunga pindo la kanga
unaweza kuifua nayo usijue.
Lakini ipo, nimeihesabu mara tatu.

Ile nafasi ya bei bado iko wazi.
Kila Jumamosi tunaifikia, tunaipita,
tunajumlisha vinavyojumlishika.

Asubuhi Asumini anapita mezani, begi mgongoni, viatu vikavu,
ananyakua kimoja cha moto, anakihamisha mkono kwa mkono,
na tayari anakimbia, kengele inagonga:
"Andika, mama!"
Naandika.